Mzee Aliyekabidhi Funguo: George Müller na Miaka Yake ya Uzeeni



Tunaposherehekea, macho yetu yanawaendea wazee wetu. Wao ndio waliovuka mpaka kwa miguu na kwa baiskeli, wakalala kwenye mikeka ya wenyeji, ili sisi leo tuwe na mahema na spika. Wengine wameshalala katika Bwana. Wengine tunao bado, lakini magoti yanauma, macho yana ukungu, na kipaza sauti kiko mikononi mwa vijana. Hapo ndipo lilipo swali ambalo kwenye vikao vyetu huwa tunalikwepa: mtumishi wa Mungu akizeeka afanyeje? Ang'ang'anie kiti mpaka azikwe nacho? Au akae barazani ahesabu siku?

Nimeona kanisa moja, sitalitaja, likigawanyika vipande vitatu hata udongo wa kaburi la mchungaji wake haujakauka, kwa sababu hakuna aliyejua funguo aachiwe nani. Nimeona pia mzee aliyekabidhi vizuri kabisa, halafu akasahauliwa, hata dawa ya presha hana wa kumnunulia. Mambo haya mawili ndiyo yaliyonifanya nichague kuandika habari za George Müller wa Bristol, Uingereza.

Wengi mnamjua kama baba wa yatima, mtu aliyelisha maelfu ya watoto kwa maombi. Hiyo imehubiriwa sana. Ambayo haihubiriwi sana ni habari ya mzee Müller: alivyoachia kazi, alivyosafiri, alivyofiwa, na alivyomaliza. Hakuwa Mpentekoste. Alifariki mwaka 1898, miaka 8 kabla moto wa Azusa Street haujawaka. Lakini ana neno kwetu.

Kijana aliyekataliwa

Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Prussia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali, na kijana alikuwa mwizi, tena alianza kwa kumwibia baba yake mwenyewe. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela kwa kulala hotelini bila kulipa. Aliokoka mwaka 1825 akiwa mwanafunzi wa theolojia huko Halle, katika kikao kidogo cha maombi nyumbani kwa mtu. Si kanisa kubwa, ni sebule tu. Wale wenye ushirika wa nyumba kwa nyumba, msidharau.

Tangu hapo alitamani jambo moja, kuwa mmisionari nchi za mbali. Alijitoa zaidi ya mara moja, na kila mara njia ikazibika. Mwaka 1829 alikwenda London kujiandaa kuwahubiri Wayahudi, lakini hata hilo halikuendelea. Mwili wenyewe ulikuwa dhaifu, kiasi kwamba jeshi la Prussia lilimwachilia kwa sababu ya afya. Shikeni hilo moyoni, tutalirudia.

Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves, na mwaka huo huo akaamua kutopokea mshahara maalumu kanisani. Mwaka 1832 wakahamia Bristol, mji ambao muda si mrefu ulipigwa na kipindupindu. Mwaka 1834 alianzisha shirika la kusaidia shule, Biblia na wamisionari, akiwa na rafiki yake Henry Craik. Mwaka 1836 akafungua nyumba ya kwanza ya yatima katika mtaa wa Wilson Street. Kufikia mwaka 1870 yalikuwepo majumba matano makubwa juu ya kilima cha Ashley Down, yenye nafasi ya watoto 2,050. Alichapa taarifa kila mwaka watu waone Mungu alivyotenda, lakini hakumwendea mtu kumwambia tuna upungufu, toa. Aliwaza kwamba watu wakiona watoto hao wanakula kila siku kwa maombi, watajua Mungu yuko hai.

Pigo la mwaka 1870

Sasa tuje kwenye uzee. Mwezi Februari 1870 Mary alifariki. Walikuwa wameishi pamoja miaka 39, wamezika mtoto mchanga wa kiume pamoja, wamekosa na kupata pamoja. Craik alikuwa ametangulia mwaka 1866. Müller alikuwa na miaka 64. Ibada ya mazishi ya mkewe aliiongoza mwenyewe, kisha mwili ukadhoofika. Wale mliofiwa na mwenzi baada ya miaka mingi mnajua nyumba inavyokuwa kubwa ghafla.

Watu wengi wakifikia hapo hufanya moja kati ya mawili. Wengine hujifungia, wengine huzama kwenye kazi na kushika kila kitu kwa nguvu zaidi, maana kazi ndiyo imebaki. Müller hakufanya hayo. Katika mwaka ule ule wa msiba alijiuliza: nikifa kesho, watoto hawa elfu mbili watakuwa mikononi mwa nani?

Alikuwepo ndugu mmoja aliyeitwa James Wright, ambaye Müller alimfahamu kwa miaka mingi na kufanya naye kazi. Alimwita akamfunulia moyo wake. Wright hakuruka kwa furaha. Alijiona hatoshi. Mke wake naye aliogopa kwamba mzigo ule ungemwelemea mumewe. Müller hakuwasukuma, aliomba na kungoja. Baadaye yule mama mwenyewe akabadilika moyo, na Wright akakubali. Muda si mrefu mama huyo akafariki.

Wapendwa, angalieni mpangilio wa mambo, maana hapa wengi hukosea. Mwezi Novemba 1871 Wright alimwoa Lydia, binti pekee wa Müller. Kwa hiyo ukisoma juu juu utasema alimpa mkwe wake kazi. Sivyo! Alimchagua kwa sababu ya kazi, na ukwe ukaja baadaye. Aliangalia aliyepimwa ndani ya kazi, si aliyezaliwa ndani ya nyumba. Tukiacha kanuni hii, huduma zetu zitageuka kuwa mashamba ya urithi.

Lydia alipoposwa alisita, maana alimwaza baba: nani atamtunza? Baba ndiye aliyemtia moyo aolewe. Majuma mawili baada ya harusi ya binti, mzee mwenyewe akamwoa Susannah Sanger, dada mwamini ambaye alikuwa amemfahamu zaidi ya miaka 25. Najua kwetu mzee akioa tena maneno huwa mengi, watoto hununa na majirani hucheka. Lakini upweke wa uzeeni ni mzigo halisi, na mwenzi mcha Mungu si aibu. Mtaona jinsi Mama Susannah alivyokuwa mkono wake wa kulia.

Mlango uliofungwa ukafunguka

Mwezi Machi 1875, akiwa anaelekea miaka 70, Müller alifunga virago. Kazi za kila siku za Ashley Down aliziacha kwa Wright na Lydia, yeye akaenda kuhubiri. Alianza na miji ya Uingereza, kisha Scotland na Ireland, akiwafuatilia waongofu wapya wa mikutano ya Moody na Sankey ili wapate mizizi. Kisha Uswisi, Ujerumani na Uholanzi. Mwaka 1877 akavuka bahari kwenda Marekani na Kanada. Ni katika safari hiyo ya meli inaposimuliwa ile habari ya ukungu mzito, mzee akaomba kwa utulivu ili awahi mkutano Quebec, ukungu ukaondoka. Nahodha ndiye aliyeisimulia baadaye. Huko Marekani alipokelewa Ikulu na Rais Hayes mwanzoni mwa 1878.

Hakuishia hapo. Alifika Misri, Palestina, Uturuki na Ugiriki. Alifika Urusi na Poland. Alifika India, Australia, China, Japani na New Zealand. Kwa miaka 17, hadi mwaka 1892, alipita nchi 42, umbali wa zaidi ya kilomita 300,000, wakati hakuna ndege. Ni meli, treni na magari ya farasi. Alihubiri kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, kwingine kwa mkalimani. Mama Susannah alikuwa naye, akiandika barua, akigawa vijitabu, akiangalia afya ya mzee.

Mnakumbuka yule kijana aliyekataliwa umisionari? Kumbe Mungu hakuwa amekataa, alikuwa ameahirisha kwa miaka 45! Lakini oneni kilichoufungua ule mlango: funguo za Ashley Down zilitoka mkononi mwake. Mtu akishika funguo za zamani kwa mikono miwili, hana mkono wa kupokelea za mpya. Kama Müller angeng'ang'ania ofisi, angekuwa mzee mmoja anayesumbua wafanyakazi kwa kukagua kila sahani na kila blanketi, na mataifa yale yasingemsikia.

Si kila mtu alifurahi. Zipo nyakati fedha zilipungua Ashley Down, na marafiki wakaona mzee arudi haraka, maana yeye ndiye jina. Hapo ndipo kustaafu kwake kulipopimwa. Aliona kwamba akirudi kwa sababu hiyo, atakuwa anawafundisha watu kwamba watoto wanalishwa na Müller, wakati maisha yake yote ameshuhudia kwamba wanalishwa na Mungu. Akaendelea na safari. Wright akaomba, kama alivyofundishwa, na watoto wakala.

Hilo si jepesi, wapendwa. Ni rahisi kumkabidhi mtu kazi wakati ghala limejaa. Lakini kumwachia wakati mambo ni magumu, usirudi kumpokonya usukani, hiyo ndiyo kukabidhi kweli.

Uzee ni uzee

Nisije nikawachorea picha ya mzee asiyechoka. Sisi wahubiri tunapenda sana kufanya hivyo, na tunawaumiza wazee wanaoumwa, wanaanza kujiuliza imani yao imepungukiwa wapi.

Müller aliumwa. Mwaka 1889, akiwa na miaka 83, joto la Calcutta huko India lilimwangusha. Daktari akamwambia aondoke mjini. Mtu huyu wa maombi hakubishana na daktari kwa jina la imani. Alikubali kwenda Darjeeling, kwenye milima yenye baridi. Ndani ya treni hali ikawa mbaya mpaka Mama Susannah akahofu atampoteza njiani. Alipofika kwenye baridi akapata nafuu, akahubiri tena. Kumbe imani na daktari vinaweza kupanda treni moja.

Kisha likaja pigo zito zaidi. Januari 1890, akiwa Jubbulpore huko huko India, ilifika habari: Lydia amefariki Bristol. Binti pekee, aliyemwachia nyumba, ana miaka 57. Baba ana miaka 84, na bahari yote iko kati yao. Walioko mbali na nyumbani, ninyi mnaofanya kazi nchi ya jirani na simu ikalia usiku, mnaelewa. Alipokea kwa machozi na kwa kunyenyekea, akakatisha safari, akarudi kusimama na mkwe wake aliyefiwa. Walikuwa wawili sasa, mzee na kijana wake wa kazi, wote wamempoteza mtu yule yule. Na kazi ikaendelea.

Alisafiri tena Ulaya, akarudi kwa mara ya mwisho mwaka 1892. Baadaye, akiwa anakaribia miaka 90, akamzika pia Mama Susannah, na ibada akaiongoza mwenyewe kama alivyofanya kwa Mary. Wake wawili, watoto wawili, rafiki wa ujana, wote wametangulia. Kuishi miaka mingi ni baraka, lakini baraka hiyo inakuja na makaburi mengi. Tuwahurumie wazee wetu wanapokaa kimya. Mara nyingi si usahaulifu, ni hesabu ya waliotangulia.

Chumba kimoja na Biblia

Baada ya mazishi hayo aliachana na nyumba yake ya mtaani, akahamia Ashley Down. Alipewa vyumba katika Jumba la Tatu, katikati ya watoto. Huko alikaa kama mzee wa nyumbani. Aliombea kazi, alijibu barua, alihubiri alipopata nguvu, na alisoma Biblia. Kwa hesabu ya aliyeandika maisha yake, aliisoma yote karibu mara 200, na uzeeni aliimaliza mara nne kwa mwaka. Hakuwa na ofisi ya kutetea, alikuwa na Neno la kusoma.

Jumapili tarehe 6 Machi 1898 alihubiri. Jumatano tarehe 9 alikiri kwamba wakati wa kuvaa alijisikia dhaifu, akabidi apumzike. Wright alimsihi akubali mtu wa kumsaidia, na mzee akakubali aanze kesho yake. Jioni ile aliongoza ibada ya maombi, akaaga, akaenda kulala. Alhamisi asubuhi tarehe 10 walimkuta amelala chini karibu na kitanda, ameshaondoka. Alikuwa na miaka 92.

Jumatatu iliyofuata mji wa Bristol ulisimama. Watoto yatima walifuata jeneza, na watu wakajaa barabarani mpaka makaburi ya Arnos Vale. Walipohesabu mali yake, haikufika pauni 200. Mtu ambaye mikononi mwake zilipita karibu pauni milioni moja na nusu za kazi ya Mungu! Hata zile alizopewa yeye binafsi, alikuwa ametoa zaidi ya pauni 81,000.

Na baada ya mazishi? Hakuna kanisa lililogawanyika. Hakuna aliyegombea funguo, maana zilishakabidhiwa zamani. Wright aliendelea hadi alipofariki mwaka 1905, akawaachia wengine. Majumba yale yaliuzwa katikati ya karne ya 20, lakini kazi yenyewe ipo Bristol mpaka leo kwa sura nyingine.

Tunaondoka na nini?

Hebu tufungue Biblia kidogo. Hesabu 8:24-26 inaeleza kwamba Mlawi alipofika miaka 50 aliacha kazi nzito ya hema, lakini hakufukuzwa. Alibaki na ndugu zake kuwasaidia katika ulinzi. Kwa hiyo kustaafu si wazo la serikali na mafao tu, limo kwenye Torati. Hesabu 27, Musa mwenyewe ndiye aliyemwomba Mungu mtu wa kumrithi, akamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote, angali hai, mchana kweupe. Kalebu naye, Yoshua 14, akiwa na miaka 85 aliomba apewe mlima. Hayo matatu yamo ndani ya maisha ya Müller: aliachia, alikabidhi, akaomba mlima wake.

Wazee wetu, baba zetu na mama zetu: msingoje kitanda cha hospitali ndipo mtaje jina la mrithi. Tajeni sasa, mfanye naye kazi, halafu mwacheni aendeshe hata akikosea gia. Na msidhani mlima wenu umekwisha. Huenda lile jambo mlilotamani mkiwa na miaka 20, kufundisha, kuandika, kuombea wagonjwa, kutembelea wafungwa, limengoja miaka hii. Si kila mtu atasafiri nchi 42. Wengine mlima wao ni kiti kimoja na orodha ya majina ya kuombea kila alfajiri.

Vijana na wachungaji wa rika langu: tusimpe mzee cheti na kanga siku ya kumuaga, halafu basi. Müller hakuwa na pensheni. Sheria ya pensheni ya wazee Uingereza ilikuja mwaka 1908, yeye ameshakufa. Lakini alikuwa na chumba, chakula, na mtu wa kumwuliza asubuhi ameamkaje. Wright alimpa hivyo. Imani ya mzee kutojiwekea akiba isiwe kisingizio cha sisi kumwacha na njaa. Katika kila tawi letu, upande huu wa mpaka na upande ule, iwepo orodha ya watumishi waliozeeka na wajane wao, na sadaka ya kila mwezi isiyokosa. Tukitoka kwenye sherehe hii na jambo hilo moja tu limeanza, tutakuwa tumesherehekea kweli.

Na wewe mzee unayesoma ukiwa umevaa miwani miwili, au unayesomewa na mjukuu: Zaburi 92 inasema wapandwao nyumbani mwa Bwana huzaa hata uzeeni. Haisemi watakimbia, inasema watazaa. Mungu aliyekuita ukiwa na nguvu hajabadilisha mawazo kwa sababu ya mvi.

Bwana awabariki wazee wetu wote, walio hai na familia za waliolala. Na atupe sisi tunaofuata mikono ya kupokea, na siku yetu ikifika, mikono ya kukabidhi. Amina.